Mfumo umenituma nikamnyang'anye baba funguo za mnara

Msomaji wetu huyu ameomba tusimtaje. Msomeni mpaka mwisho ndipo mwandike, na matusi hatutaki.

Admin, ukiweka hii naomba jina langu lisionekane kabisa. Mimi ni dada wa miaka 31, sijaolewa, naishi Ruangwa na ni fundi wa mitandao ya simu. Mama alishafariki, nimebaki na baba tu. Yeye ni mlinzi wa mnara wa simu kijijini kwetu, upande wa Chiola, Nachingwea.

Mnara ulijengwa pembeni ya mikorosho yetu, wakampa baba ulinzi na funguo za chumba cha mitambo. Mafundi wa zamani walimfundisha jambo moja tu: mtandao ukikata, fungua chumba, zima swichi kubwa, subiri kidogo, washa. Basi. Kwa jambo hilo moja baba amekuwa mtu mkubwa pale kijijini. Mtandao ukipotea hakuna anayehangaika na kampuni, wanamfuata yeye. "Babu Mnara, tusaidie, mgonjwa wetu yuko hospitali ya Mnero hatumpati!" Anaacha hata chakula, anakimbia na ndala zake. Nimemwomba sana aje tukae wote Ruangwa, jibu lake ni lilelile: "Mama, nikiondoka hawa watu watamwita nani?"

Sasa kampuni ikaleta mitambo mipya inayojiendesha yenyewe. Mnara unajipima, ukiona kasoro unajizima na kujiwasha, baada ya dakika chache umerudi, na taarifa unaandika wenyewe. Haumhitaji mtu. Fundi aliyeifunga pale kijijini ni mimi, na nilifurahi jamani, nikajua mzee atapumzika.

Kumbe ndiyo nimemharibia. Mtandao ukipotea kidogo, mnara unaanza kujitengeneza, baba naye anaingia mbio na kuzima swichi. Mtambo unakatishwa katikati, inabidi uanze moja, na kilichokuwa cha dakika chache kinakuwa cha saa nzima. Ukirudi, watu wanampigia makofi. Baba yangu anakata mtandao wa kijiji kizima na kijiji kinamshukuru.

Idi nilikwenda makusudi kumweleza. Nikamwambia, "Baba, siku hizi mnara unajirekebisha, ukizimika usiuguse." Akacheka mpaka akakohoa. "Kama unajirekebisha, mbona wewe wanakulipa mshahara?" Kabla sijamjibu akaingia mama mmoja jirani na bakuli la karanga, eti anamshukuru baba kwa kuwa juzi alifanikiwa kuongea na mwanawe aliyeko Dar. Baba akapokea kwa mikono miwili, akanitazama kwa furaha kama mtoto aliyefaulu mtihani. Nani kati yenu angeweza kuongea pale?

Wiki iliyopita taarifa ya mfumo ikaingia kwenye simu yangu ya kazi. Mnara wetu, halafu hivi: "Chanzo cha hitilafu: mtu aliyepo kituoni. Pendekezo: kituo kiendeshwe bila mtu." Nilikaa chini. Baba aliyenilea, ameitwa hitilafu.

Nikampigia bosi huku nalia. Akanisikiliza, bosi wangu si mtu mbaya. Akasema, "Dada, mimi nimekuta limeshapitishwa." Nikamuuliza, limepitishwa na nani? Akasema mfumo. Nikamwambia basi nipe namba ya huyo mfumo nimlilie. Akaniambia pole.

Mnajua kibaya zaidi ni nini? Kazi zetu nazo zinagawiwa na mfumo huohuo, kwa fundi aliye karibu. Jumatatu natakiwa niende nikabadilishe kitasa, niweke kile kinachofunguliwa kutoka makao makuu, na nichukue funguo kwa mlinzi. Niliikataa kazi hiyo, ikanirudia. Nikaikataa tena, ikanirudia, kwa sababu huku hakuna fundi mwingine. Nikigoma nafukuzwa, na mlango utafungwa tu na mtu mwingine wa kutoka mbali ambaye hata shikamoo hatampa.

Jana baba amenipigia, ana furaha huyo! "Mama, nimesikia kwa mwenyekiti unakuja Jumatatu kwenye mnara wetu. Nimeshawatangazia watu, mwanangu anakuja kunisaidia kazi. Jogoo nimeshamfunga kamba, na chumba chako nimekifagia." Nikasema ahsante baba.

Mawazo yangu yote yamegonga ukuta. Nikimwambia ukweli, atajua kwamba kati ya miaka yote anayoringia, hii ya karibuni alikuwa anawaumiza watu anaowapenda. Nikimdanganya, siku mtandao utakapokata tena watakuja mlangoni kwake wakimwita, naye atasimama mbele ya kitasa asichoweza kukifungua.

Hata sasa hivi ninavyoandika, simu ya kazi imelia: mnara wa kwetu umeshuka, mtandao umekata. Najua mzee ameshavaa ndala na funguo ziko mkononi. Nampigia nimwambie baba, acha, usiguse, subiri tu kidogo. Hapatikani. Atapatikanaje, na simu yake inategemea mnara huohuo?

Nishaurini ndugu zangu, Jumatatu nikifika pale mlangoni, nimwambie nini baba yangu?