Baba Alipoishiwa Maneno

Nakumbuka siku ile nilipoitwa nyumbani Izigo, mwanangu. Nilikuwa kijana kama wewe, nasomea ubongo, na baba alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelegea, maneno yamempotea kabisa. Nilimkuta kitandani, na baba zangu wadogo wamekaa palepale wakijadiliana nani atachukua kibanja, shamba letu la nyumbani, migomba na mibuni yote, kana kwamba mwenyewe ameshazikwa. Mama, aliyekilima miaka yote, hakuulizwa kitu.

"Huyu akili zimekwisha," alisema baba mdogo mmoja.

Nilijua si kweli. Sehemu ya ubongo inayotoa maneno inaweza kuumia, mtu akabaki na akili zake. Lakini nani angeniamini? Nikamwonyesha baba kadi za maneno nilizotoka nazo chuoni. Akazisukuma, machozi yakimlengalenga.

Mama akanivuta jikoni. "Baba yako si mwanafunzi wako. Wewe tangu utoto ulikuwa huachi kuchora. Nani amekukataza?"

"Chuoni wanasema mtafiti hana muda wa michoro, Mawe," nilimjibu, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Hapa si chuoni. Chora."

Nikarudi kwa baba, nikachora nyumba yetu, kibanja, mama na jembe lake, na wale ndugu kwenye viti. Baba akatazama, akatazama. Kisha akachukua penseli kwa mkono wa kushoto, na kwa mstari wa kupindapinda akamzungushia mama pamoja na kibanja chote. Akamgeukia yule mdogo wake, akagonga karatasi kwa kidole.

"Kumbe anatusikia," baba mdogo akasema kwa sauti ndogo. Akavua kofia, akapiga magoti kando ya kitanda, akamsalimia kaka yake upya.

Mama alikilima kibanja kile hadi uzeeni. Nami, kila nilikokwenda kwa utafiti, nilibeba na michoro ya wagonjwa waliopotewa na maneno: ukumbi wa kanisa Bukoba, mwaloni Bumbire, wavuvi wanakoshushia samaki. Mvuvi mmoja alisimama mbele ya picha akasema, "Mama yangu yuko hivi. Tulidhani ametuacha."

Basi wewe unayesomea ubongo na kupenda kuchora kama mimi, wakikwambia huko chuoni uchague, ubongo au brashi, usikubali, mwanangu. Soma kwa bidii, maana mchoro usio na ukweli utawapotosha wagonjwa. Lakini ukishajua, usiishie maabara. Nenda ukakae na watu, uwachoree, uwasikilize. Hao wanaokukataza si wabaya, hawajapata tu kukaa kando ya kitanda kama kile. Ukichoka, njoo nikupikie ndizi na maharage.

Mungu akuangazie macho, aitie nguvu mikono yako, akupe subira ya kumngoja asiyeweza kusema. Amina.