Mtani wa Kisimani

Siku ya kwanza nilifika kijijini kwake nimevaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka kinakata, na hotuba nimeishika kichwani. Nafundisha elimu ya watu wazima katika chuo kimoja pale Tabora mjini. Nilikuwa nimeleta wanafunzi wangu upande wa Sikonge, tuombe kufanya kazi na kikundi cha akina mama waliokuwa wakitetea kisima chao. Kisima ni cha zamani, kiko kando ya njia waliyopita wapagazi wa misafara, na kiangazi kiwe kikali namna gani hakikauki. Mfanyabiashara mmoja alitaka kukizungushia uzio, afunge pampu, auze maji kwa ndoo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa hajakubali, lakini hajakataa pia.

Nikasimama. Nikasema wadau, nikasema ushirikishwaji, nikasema kujengeana uwezo. Akina mama wakanipigia makofi yale ya kukuomba umalize upesi. Ndipo kiongozi wao, mama mmoja mnene wa sauti ya mnadani, akauliza kutoka mkekani:

"Samahani mwalimu. Wewe kabila gani?"

"Mzaramo. Kwetu Kisarawe."

"Weee!" Akarusha mikono juu. "Mtani! Nimemwamkia kwa heshima zote, kumbe Mzaramo! Nirudishie shikamoo yangu!"

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na kukunyang'anya kitu chako, na ukifa anakuja msibani kukucheka na kukuigiza, wala hakuna wa kumkasirikia. Yule mama alikuwa amesubiri mtani kwa muda mrefu, nadhani, maana alinivamia hasa.

"Babu yangu alishuka hadi kwenu na pembe begani, kiu imemkaba, mkamwuzia maji! Maji, jamani! Leo mjukuu wa wauza maji anakuja kutufundisha kutetea kisima!"

Mimi si mpole, na sijawahi kusema ni mpole. "Babu yako alibeba mizigo ya watu miezi mizima," nikamjibu, "kwa sababu hakuwa na akili ya kununua punda. Tulimwuzia maji tukijua hajui hesabu."

Mkeka mzima ukaanguka kwa kicheko. Akanivua viatu, akavivaa yeye, nikarudi Tabora pekupeku. Wanafunzi wangu hawakujua wacheke au waniombee radhi.

Nimeona ushirikiano mwingi wa chuo na wanaharakati ukifa, na aghalabu unauawa na heshima. Sisi tunasema tunawashukuru sana, wao wanasema tunawashukuru sana walimu, kila mtu ana lake moyoni, mwisho hata simu hazipokelewi. Mimi na mtani wangu heshima hiyo hatukuwa nayo. Nilipomsomea tulichoandika kwa ajili ya mkutano mkuu wa kijiji, alinikatiza: "'Wanajamii walibainisha.' Nani huyo Wanajamii? Mtoto wa nani? Niliyesema ni mimi, niandike mimi!" Nikafuta, nikaandika upya, huku namwita mpenda sifa.

Na yeye nilimpa zake. Siku moja, kikao kimekwisha, nilimwambia jambo ambalo kijiji kizima kililijua na hakuna aliyethubutu kulitamka. "Mtani, mdomo wako ni mpana kuliko kisima. Wenzako hawasemi kwa sababu hujawaachia hata pa kupumulia." Lilimuuma. Siku hiyo sikupewa ugali. Lakini kikao kilichofuata alikaa amebana pembe ya kanga kwa meno ili asiropoke, akamwashiria mwanamke mmoja mwembamba, aliyekaa nyuma siku zote, azungumze. Yule mwanamke akasimama, akafungua kinywa, akakifunga, akaketi. Mtani wangu nusura apasuke, ila hakusema neno. "Angeniambia haya mtu mwingine," alinieleza baadaye, "ningemfukuza kwa fagio."

Nilimpenda yule mama. Nasema wazi, nilimpenda kama nilivyowapenda dada zangu, na dada zangu hawakuwahi kunitumia asali kwenye chupa ya maji na ujumbe wa simu kwamba ni ya mwanangu peke yake, Mzaramo akilamba ataharisha.

"Nikifa uje," aliniambia mara nyingi. "Na usilie. Mtani halii."

"Nitakuja kukuibia sanda."

Presha ikamchukua kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakaa. Kifungua mimba wake ndiye aliyenipigia. Nilipanda bodaboda, nikalia njia nzima ndani ya helmeti, vumbi na machozi yakawa tope usoni, maana nilijua nikifika sitakuwa na ruhusa ya kulia tena.

Pale msibani mwenyekiti alitoa hotuba ndefu. Tumepoteza jembe, alisema, tutamuenzi daima. Kuhusu kisima, kimya. Na yule mfanyabiashara ameketi mstari wa mbele, amevaa miwani ya jua. Hasira ikanipanda mpaka nikasahau huzuni. Vijana walipoinua jeneza kwenda kaburini, nikalala chini katikati ya njia.

"Haendi mtu!"

Mchungaji akasogea pembeni. Wazee wake wa kanisa wanazijua mila hizi. Mtu akanitupia sarafu, kama ilivyo desturi ya kumwondoa mtani njiani. Nikamrudishia. Nikainuka, nikashika kiuno kama alivyokuwa akishika marehemu, nikatoa sauti yake ile ya mnadani.

"Mwenyekiti! Wazaramo waliwauzia babu zetu maji, tukawasema mpaka leo. Sasa nasikia wauza maji ni Wanyamwezi! Basi huyu mtani wangu Mzaramo nitamsema kwa lipi? Mnaniua mara mbili?"

Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Kukasirika hawezi, anayesema ni mtani. Kunyamaza hawezi, jeneza liko mabegani mwa vijana. Alifuta jasho.

"Umenikaba, mtani," alisema. "Haya. Kisima hakiuzwi. Nasema mbele ya marehemu, hakiuzwi. Tupishe tuzike, jua linatuunguza."

"Mmesikia?" nikauliza, bado kwa sauti yake.

"Tumesikia!" wakaitika akina mama, na miwani ile ya jua ikatazama chini.

Tulimzika. Watu wakapanga foleni kunawa mikono. Mimi sauti yangu ilikuwa imenirudia, na pamoja nayo kila kitu nilichokuwa nimekizuia. Niliuma midomo. Mtani halii, mtani halii. Aliyekuwa akiwamiminia watu maji ya kisimani ni yule mwanamke mwembamba wa nyuma. Alinimiminia taratibu kwa kata, nikanawa mikono, nikanawa na uso, mpaka tope likatoka. Kisha akaweka kata chini, akaninyooshea kiganja, akasema kwa sauti iliyofika mpaka alipokaa mwenyekiti:

"Haya lipa, Mzaramo. Kwenu si mnauza?"

Nikacheka. Nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, nikalia kwa sauti mbele ya watu wote, na yeye akabaki amenyoosha mkono, akingoja malipo yake.