Mwaka Tovuti Haikuanguka

Kila matokeo ya mitihani yalipotoka, tovuti yetu ilianguka. Tulikuwa kampuni ndogo ya mtaa wa Kacyiru, tukiweka mtandaoni matokeo ya shule kadhaa, na mimi ndiye niliyetunza seva. Wazazi walifungua ukurasa wote kwa pamoja, seva ikazidiwa, simu zikaanza kulia.

Mwaka huo nilimwomba mkuu wangu tuweke programu ya kugawa mzigo. Inakaa mbele ya seva kadhaa, inapokea maombi yote ya kufungua ukurasa na kuyasambaza ili isizidiwe hata moja. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na watu wa nchi mbalimbali huurekebisha.

Mkuu, aliyekulia Kampala, alinisikiliza akitazama dirishani.

"Ikiharibika tunapigia nani?"

"Hakuna wa kupigia. Tunasoma wenyewe, tukikwama tunawauliza walioiandika."

"Basi haina mwenyewe."

"Inao wengi."

Akanigeukia. "Sawa. Lakini wakuu wa shule wakilalamika, wewe ndiye utawaeleza."

Siku ya matokeo, seva moja ilizimika asubuhi watu wakiwa wengi. Kwenye skrini yangu mstari wake uligeuka mwekundu, na maombi yakaendelea kwenda kwa zile nyingine. Huko nje hakuna aliyejua. Mkuu alikuja, akasimama nyuma yangu. "Iko inatembea," akasema, akarudi ofisini kwake.

Ndipo dada yangu akapiga simu kutoka mtaa wa Biryogo, anakoshonea nguo.

"Safari hii imefunguka hapo hapo," alisema. "Binti yangu ameanguka mtihani."

Nikasikia binti yake akiomba simu.

"Mjomba, haiwezi kuwa imekosea? Watu ni wengi sana leo."

Miaka ya nyuma ningeweza kumwambia asubiri, ajaribu tena jioni. Nilitazama skrini.

"Hapana," nikamwambia. "Inafanya kazi vizuri."

"Haya," akasema, akamrudishia mama yake simu.

Mchana nilishuka Biryogo. Nilimkuta binti amekaa kwenye cherehani ya pili, anapinda gauni la mteja. Alinisalimia kwa heshima kama siku zote, na mama yake akaleta chai. Hatukuzungumzia matokeo. Alirudia darasa mwaka uliofuata, akafaulu, si kwa alama za juu. Ile seva tuliibadilishia diski wiki hiyo hiyo, ikarudi kazini.