Mita ya Kijivu ya Kuingia Mfukoni

Siku ya kwanza niliporipoti karakana ya Nachingwea, katikati ya miaka ya tisini, Mkuu wa Karakana hakunipa hata kiti. Alinikabidhi kisanduku cha mbao kizito kama tofali. Ndani mlikuwa na mita ya mshale, chombo cha kupimia umeme kinachoonyesha kipimo kwa sindano inayocheza nyuma ya kioo.

"Binti, haya ndiyo macho yako," aliniambia. "Umeme hauonekani. Ukikisia, utaua kifaa au utakufa wewe."

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza sola na redio za upepo za zahanati, zile za kubonyeza na kuzungumza, maana vijijini simu hazikuwapo. Nilikifunga kisanduku nyuma ya pikipiki nikazunguka nacho miaka kadhaa. Barabara ya Mkotokuyana, mashimo matupu, ndiyo iliyokimaliza. Nilipofika na kukifungua, nilikuta sindano imekwama pembeni, haitikisiki. Nilirudi karakana nikakiweka mbele ya Mkuu.

Mkuu hakufoka. "Nenda mjini kachague ndogo, ya kuingia mfukoni. Ila bei isizidi ya majogoo wawili, hali yetu unaijua."

Mita za namba, zisizo na sindano, ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kwetu. Mwenye duka alinipangia tatu mezani, na moyo wangu ukadunda kama ninachagua kitenge cha harusi. Ya njano iling'aa kuliko zote. Lakini nilikuja na betri ya tochi niliyoipima asubuhi ile kwa mita kubwa ya mezani kule karakana: volti moja na nusu. Ya njano ikasema karibu mbili. Nikaiweka kando. Ya pili ilisoma sawa, ila nyaya zake zilikuwa nyembamba. Nilipozikunja, shaba ikachungulia. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina urembo wowote, ndogo kama pakiti ya biskuti. Ilisoma sawasawa, nyaya zake nene, na ndani ilikuwa na fyuzi ambayo ningeweza kuibadilisha mwenyewe ikiungua.

"Dada, unanunua au unafanya mtihani?" mwenye duka aliuliza.

"Mtihani kwanza, kaka. Na hii imefaulu."

Miaka ya elfu mbili ilinikuta nimehamishiwa Ruangwa. Mchana mmoja nikitokea Chunyu, muuguzi wa zahanati moja alinisimamisha barabarani, akipunga kanga.

"Fundi, nisaidie! Mama ana uchungu tangu jana, mtoto amelala vibaya, na redio imekufa. Siwezi kuita gari!"

Niliingia mbio. Nikapima paneli ya sola juani: volti kumi na nane, nzima. Betri: kumi na mbili na ushei, nzima. Kwenye redio: sifuri. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye waya, na waya ulipita darini, mahali ambapo mtu hupita kwa tumbo tu. Nikapanda, mita mfukoni, vumbi puani. Kiungo cha kwanza, kumi na mbili. Cha pili, kumi na mbili. Cha tatu, sifuri! Nikapapasa kati ya cha pili na cha tatu: panya walikuwa wameutafuna waya. Nikauunga, nikapiga kelele, "Jaribu!"

Chini nikasikia, "Ruangwa, Ruangwa, mnanipata?" Redio ikakoroma. Kisha sauti ya mwanamume: "Tunakupata, zungumza."

Niliinua kichwa kwa furaha, nikakigonga kwenye boriti. Gari lilikuja, mama akapelekwa hospitali akafanyiwa upasuaji. Siku ya tatu tukapata habari: yeye na mwanawe wa kike wazima kabisa.

Mhandisi wa Wilaya aliposoma ripoti yangu alivua miwani. "Kurasa tatu kwa waya mmoja?"

"Nilifurahi, mzee."

Akacheka, akaweka sahihi.

Sasa nimestaafu. Mafundi wa leo hunionyesha mita za kila namna, nami nazifurahia zote. Huwaambia wazipime kwanza kabla ya kuziamini. Kupumzika sijajua bado. Wiki iliyopita nilishinda juu ya bati la jirani nikitafuta hitilafu ya sola yake. Mume wangu alisimama chini akinisihi, "Mama Somoe, shuka, umri huo!" Nilishuka taa zilipowaka, vumbi hadi kwenye nyusi, nikimwimbia.