Nilivyomuumbua mdogo wangu kwenye semina ya saikoanalisisi

Wakuu, heshima kwenu. Hili ni langu mwenyewe, sikusimuliwa na sitaongeza chumvi.

Waliokuwepo siku hiyo, kwenye ukumbi mmoja hapa Tabora mjini: mimi, mdogo wangu Neema, anayesomea saikolojia chuoni; kitinda mimba wetu Mihayo, ambaye ni mwalimu wa sekondari Sikonge; Kulwa, mwalimu mwenzake aliyemsindikiza; mama mmoja profesa; na wanafunzi kama ishirini.

Saikoanalisisi, kwa nilivyoelewa, ni elimu ya kumsikiliza mtu mpaka yale aliyoyafukia moyoni yatoke.

Mimi shule niliishia kidato cha pili. Baba alitangulia, mama akafuata, nikabaki na hawa wawili. Nilikwenda kumpigia makofi Neema tu.

Neema akasoma kisa cha kijana mmoja, bila jina. Ndio utaratibu wao, mhusika hatajwi.

Kijana huyo alifiwa na mama akiwa na miaka minne. Akaambiwa mama kaenda Ulyankulu kulima, atarudi. Miaka miwili, kila asubuhi, akawa anampangia mama kandambili zake mlangoni.

Neema akasema aliyemdanganya alimnyima mtoto nafasi ya kulia.

Damu ikanichemka. Kwenye mikutano ya kijiji nilikokulia, ukisemwa ukanyamaza, umekubali.

Nikasimama.

"Samahani mama profesa, aliyedanganya ni mimi! Nilikuwa na miaka kumi na sita, ningemwambia nini? Mihayo huyu hapa, mwulizeni kama aliwahi kulala njaa!"

Watu wakamgeukia Mihayo.

Kulwa akajaribu utani: "Ticha, kumbe wa kandambili ni wewe?"

Wawili watatu wakacheka. Mihayo akachukua begi lake, akatoka.

Neema hakumalizia kusoma. Tulipofika nje akaniambia, "Dada, Mihayo alinikubalia kwa sharti moja tu, asijulikane."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Na mbaya zaidi, alichokisoma kilikuwa kweli tupu.

Jumapili iliyofuata Mihayo akaja nyumbani. Nikampikia ugali na uyoga, nikamwomba radhi kwa kumtaja mbele za watu.

"Yameisha hayo, Dada."

Akamega tonge, akaniuliza: "Siku ile mama anafariki, aliniulizia?"

Alimwulizia. Alimwita mpaka sauti ikaisha. Mtoto alikuwa nje anagonga, na mimi ndiye niliyefunga mlango ili asione.

Nikamjibu, "Kula, ugali unapoa."

Funzo nililopata ni kwamba nilidhani nikishalea, sidaiwi kitu kingine. Nilikosea. Nyie mliowahi kukaa na neno kama hili, mlianzaje kulisema? Nipeni mawazo, hata ya kunikosoa nitayapokea.

Mihayo alimaliza kula, akanawa, akanishukuru, akapanda pikipiki kurudi Sikonge.

Jibu lake bado ninalo mimi.