Katuni Isiyo na Chifu

Sisi tuliokulia Eldoret enzi za deki moja ya video kwa mtaa mzima, tunajua raha ya kugombania nafasi sakafuni. Deki ilikuwa kwetu. Mjomba Kiprono, dereva wa malori, alitoka nayo Mombasa pamoja na kaseti ya katuni ya Kijapani: maroboti makubwa kuliko ghala za mahindi kule Turbo, yakipigana katikati ya nyota! Jumamosi mchana sebule ilifurika watoto, wengine juu ya magunia, nyumba nzima ikinuka mahindi ya kuchoma na soksi. Weee, tulifurahi jamani!

Maroboti tuliyaamini bila shida. Ubishi uliletwa na waziri. Waziri wa mfalme wa nyota alimpinga bosi wake mkutanoni, watu wakiona, kisha akaenda kwake akala akalala, na asubuhi akaanza kupanga mapinduzi. Rafiki yangu Wafula akasimama, mikono kiunoni.

"Huo ni uongo! Ampinge mfalme halafu alale kwake? Hapa kwetu taarifa ya habari ya saa saba redioni ingekuwa imeshamfuta kazi!"

Mimi nilimtetea waziri, na mdomo wangu haukuwa na breki. Nikapanda stuli nikapaza sauti: "Mfalme amezeeka! Apinduliwe! Apinduliwe leo leo!"

Mlango ukafunguka. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, aliingia akiwa na Chifu, mtu wa serikali mtaani kwetu, kofia ngumu kichwani, fimbo kwapani. Uso wa Baba ulikuwa kama majivu. Siku hizo mwalimu angeweza kupoteza kazi kwa neno dogo kuliko hilo, na Baba hakuchoka kutuonya, "Hata kuta zina masikio."

"Nani anapinduliwa?" Chifu akauliza.

Mama aliyekuwa akimimina chai akaimimina mezani.

"Ni... ni katuni tu, Chifu," Wafula akasema.

"Hebu nione."

Tukairudisha kaseti mwanzo. Chifu akakalia kiti cha Baba, akatazama bila kupepesa macho, huku Baba amesimama pembeni akijipangusa jasho. Waziri alipompinga mfalme, Chifu akaguna. Mapinduzi yalipofaulu, akapiga paja.

"Upuzi! Serikali yote hiyo na haina chifu hata mmoja! Nani angempelekea mfalme habari? Lazima aanguke!" Akamgeukia Baba. "Mwalimu, hawa Wajapani hawajui kutawala."

Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sote tukaangua kicheko, machozi yakitutoka, hofu nayo ikitutoka. Jumamosi iliyofuata Chifu alirudi, tena na mke wake.

Watoto wa siku hizi wana katuni elfu kwenye simu, kila mtu na kona yake, na hawana hata wa kubishana naye. Nawahurumia kweli. Lakini juzi binti yangu alikuwa akitazama habari, mara akafoka: "Hawa viongozi wamezeeka, waende home!"

Moyo ulinilipuka pa! Nikageuka haraka kuangalia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Nikatamani sana Baba angekuwa hai, aketi pale asikie.

"Sema tena, mama," nikamwambia binti yangu. "Na useme kwa sauti."