Pacha wa Upinde Uliovunjika

Katika nyumba ya Fundi Kimya hakuna aliyevunja kuni. Mkewe alipikia mkaa, tena mkaa mdogomdogo aliouchagua mwenyewe sokoni, kwa sababu pande kubwa lingehitaji kupondwa, na mumewe hakustahimili kusikia kitu kikavu kikivunjika. Mtu akikanyaga kijiti uani, Fundi aliruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni.

"Wenzangu wameolewa na wanaume wanaoogopa nyoka," mkewe aliwaambia wageni. "Mimi wangu anaogopa kuni. Na kazi yake ni miti! Hebu niambieni nimshitaki wapi."

Wageni walicheka. Fundi naye alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akarudi karakanani kwake.

Karakana ilikuwa chumba chembamba kilichoshikana na nyumba, chenye paa la bati na dirisha moja lililotazama uani. Benchi la kazi lilikuwa la marehemu baba yake, na ukingo wake mmoja ulikuwa umeliwa na misumeno kama kitu kilichotafunwa na panya. Ukutani palikuwa na shoka dogo, tezo, randa mbili, tupa za kila ukali na vipande vya chupa vya kukwangulia, kila kimoja na msumari wake. Hapo ndipo alipochonga pinde ndefu za kimo cha mtu, mwaka baada ya mwaka. Walenga shabaha walimfuata kutoka miji ya mbali, wakaambiwa wasubiri miezi sita, wakasubiri.

Walimsifu hasa kwa jambo moja. Baba yake alimwachia sheria ya karakana ile: anayechonga upinde ndiye anayeuvuta wa kwanza, uso wazi, mbele ya mtu atakayeuchukua. Ukivunjika, umvunjikie aliyeuchonga. Mafundi wengine walijaribu pinde zao kwa roda na kamba ndefu, wamejibanza nyuma ya mlango. Fundi Kimya alisimama katikati ya ua, akavuta mpaka kamba ikagusa shavu, akakaa hapohapo muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Watu walisema, bwana huyu ana moyo. Hawakujua kwamba kila upinde aliuvuta kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Juu, kwenye boriti zilizobeba bati, palilala vitu viwili ambavyo mkewe alikatazwa hata kuvifuta vumbi. Kimoja kilikuwa nusu ya gogo iliyopasuliwa kwa urefu na kufungwa gunia. Cha pili kilikuwa upinde uliovunjika vipande viwili, vimefungwa pamoja kwa kitambaa. Jua la mchana likiwasha bati, boriti zililia. Fundi aliacha kuchonga, akatazama juu, akangoja zinyamaze.

"Unaongea na nani?" mkewe alimuuliza siku moja kutoka mlangoni.

"Sijasema kitu."

"Midomo ilikuwa inatembea, baba watoto. Nimeiona kwa macho yangu."

"Nilikuwa nahesabu."

Mkewe akaenda zake. Kweli alikuwa anahesabu. Alihesabu kila siku, na hesabu yenyewe ilikuwa miaka arobaini na nne.

Mdogo wake alifika Jumamosi asubuhi bila taarifa, kofia mkononi.

"Hodi! Fundi yupo, au nimezikuta pinde peke yazo?"

"Shemeji!" mke wa Fundi akapiga kelele. "Ulipotea mpaka tukadhani umehamia mwezini."

"Leo nimejileta mwenyewe, shemeji. Huyu mzee wako unampa chakula kweli? Amebaki mifupa na masikio."

"Nampa. Anakula kama ndege, halafu anashtuka kama ndege."

Wakacheka wawili hao. Fundi akamwingiza mdogo wake karakanani, akavuta kigoda akakaa kushoto kwake. Daima alikaa kushoto. Jicho la kushoto la mdogo wake halikuwepo. Kope zilikuwa zimeshikana, na kovu lilishuka kutoka hapo mpaka shavuni. Aliyekaa upande huo hakuonekana, na Fundi alikuwa ameukalia upande huo kwenye misiba yote na harusi zote za ukoo.

"Nimestaafu, Kaka," mdogo wake akasema. "Funguo za stoo nimekabidhi, sasa nashinda nyumbani namsumbua mke wangu. Nataka unichongee upinde."

Fundi akatazama mikono yake. "Upinde wa nini?"

"Wa kuvuta! Unadhani nitaanikia nguo? Watoto wa dada zetu mpaka leo wananiita Mjomba Achia-Hewa. Shangazi ndiye aliyenibatiza jina hilo, na hajachoka nalo. Mwezi jana nimeenda kumsalimia, mwanamke hasikii, haoni vizuri, lakini nilipoingia tu akasema, 'Nani huyo, Achia-Hewa?'" Akacheka tena, ila mara hii peke yake. "Nataka nivute upinde mara moja tu maishani, mshale ukiwa kwenye kamba, shangazi akiwa amekaa pale kwenye kiti. Basi."

Kisha akainua uso akatazama juu ya boriti.

"Lile gogo la upinde uliovunjika lilikuwa na pacha wake. Bado lipo?"

"Lipo."

"Nichongee hilohilo. Tena siku ya kuvuta, naomba nivute mimi wa kwanza. Siku ile uliniachia heshima yako, nikaiharibu. Nipe tena."

Fundi aliokota patasi benchini, akaanza kuifuta kwa kitambaa.

"Unajua, nimejaribu sana kukumbuka," mdogo wake akaendelea, sauti imeshuka. "Nakumbuka kamba. Nakumbuka jua. Vidole vyangu vikiachia, sikumbuki hata kidogo. Lakini wewe ulikuwepo, Kaka, wewe uliona. Kama si wewe kusema, ningemwambia Baba sikuachia."

Siku ile ya zamani Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa, na mdogo wake kumi na sita. Baba yao alikuwa amepasua gogo moja nusu mbili na kumpa yeye nusu ya kwanza, upinde wake wa kwanza kuchonga bila kusimamiwa. Mti una pete za umri wake, na mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama mbele, lazima ufuate pete moja tu kutoka ncha hadi ncha. Ukiikata pete hiyo, hata kwa upana wa ukucha, hapo ndipo upinde utakapopasukia. Alipofika kwenye kifundo cha mti, pale lilipochipuka tawi, katika mkono wa juu wa upinde, alikuwa na haraka. Patasi ikateleza ikaingia pete ya pili. Kovu dogo tu. Angeweza kwenda kwa baba yake akasema, nimeharibu. Badala yake alifunga mkanda wa ngozi nyembamba juu ya kovu lile, akaushona vizuri, ukaonekana kama pambo. Baba alipouona alisema, "Umependeza."

Siku ya kuvuta Baba alichelewa kurudi kutoka dukani. Fundi alisimama uani na upinde mkononi, jasho linamtoka, maana alijua kilichokuwa chini ya ngozi. Ndipo akamwambia mdogo wake, kwa sauti ya ukarimu ambayo bado anaisikia, "Leo nakupa heshima. Vuta wewe."

Baba aliingia getini akakuta upinde umevunjika na mwanawe mdogo ana damu usoni. Aliuliza mara moja tu kilichotokea. Upinde ukivutwa ukaachiwa bila mshale, nguvu yote huurudia wenyewe na unaweza kupasuka. Kila mtu katika nyumba ile alijua. Fundi akasema, "Aliachia bila mshale." Basi. Maneno matatu. Baba alimkataza mdogo asiguse tena kitu chochote cha karakana, na kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine ya kuzungumzia katika nyumba ile, hawakuzungumza tena sana mpaka Baba alipofariki.

Fundi aliliteremsha gogo Jumatatu. Lilikuwa jepesi kwa kukauka, na alipolipiga kwa kidole liliitika kama mtungi mtupu. Alilifunga kwenye jiliwa akaanza kutoa ganda na mbao za nje, polepole, mpaka akaifikia pete nzuri, nene, ya rangi ya asali. Akaifuata. Siku ya nne alifika mahali palepale, na kifundo kilikuwepo. Kilitakiwa kuwepo, nusu mbili za gogo moja. Hata hivyo aliweka patasi chini akatoka nje, akaenda kusimama karibu na tangi la maji mpaka mkewe akamuuliza kama anaumwa.

"Kazi imenikamata vibaya."

"Upinde mmoja huu? Wewe umechonga mamia."

"Huu unanitazama," akasema, na mkewe, badala ya mzaha, akamchotea maji ya kunywa.

Alirudi. Alikizunguka kifundo kwa kipande cha chupa, akikwangua unga badala ya vipande, akaacha mti umeinuka pale kama kisiwa kidogo. Ilimchukua siku mbili. Baadaye akaupachika upinde kwenye kigingi cha ukutani, akavuta kwa roda shibiri moja, akatazama mikono miwili ya upinde ikijipinda, akaondoa mti kidogo pale palipokaza, akavuta tena. Kila alipovuta alisikia mlio. Akaacha, akakagua kwa kidole, hapakuwa na ufa. Akavuta. Mlio ule. Mwishoni alitambua kwamba ulitangulia kabla mkono wake haujaigusa kamba.

Upinde ukawa mzuri. Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu upinde mzuri ungeweza kumfunikia kila kitu. Mdogo wake angevuta, mshale ungeruka, shangazi angepiga vigelegele, na jina lile lingekufa lenyewe. Nani angedhurika? Alijiuliza hivyo asubuhi alipokuwa akipaka nta, na mchana alipokuwa akila, na hakupata mtu wa kudhurika. Lakini mdogo wake angemshukuru. Angemshika mkono kwa mikono yake miwili akasema asante Kaka, na Fundi hakujua angesimamaje wakati wa maneno hayo.

Mdogo wake alikuja alasiri ya Ijumaa, amevaa shati lililopigwa pasi, na mshale mmoja mpya alioununua.

"Haya, mtoto wa kiume yuko wapi? Nipe nimbebe."

Upinde ulikuwa umeegemea benchi, kamba imekwisha kufungwa. Aliunyoshea mkono. Fundi akatangulia akaushika.

"Navuta mimi."

"Kaka, tulikubaliana."

"Hatukukubaliana. Ulisema, mimi nikanyamaza." Akauegemeza upinde ukutani. "Siku ile hukuachia."

"Siku ipi?"

"Hukuachia bila mshale. Hukuachia kabisa. Ulikuwa bado unavuta."

Mdogo wake akatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja mwisho wa kichekesho. Fundi akapanda kigoda, akateremsha kile kitambaa, akakifungua juu ya benchi. Kwa ncha ya kisu akakata uzi wa mkanda wa ngozi. Ulikuwa umekauka, ukatoka kama ganda la kidonda. Chini yake lilikuwepo kovu la patasi, safi kama la jana, na ufa ulianzia hapo hapo ukaenda zake.

"Nilijua," Fundi akasema. "Ndiyo maana nikakupa wewe."

Mdogo wake aliweka kidole juu ya kovu lile. Alikipitisha, akakirudisha. Bati lilikuwa la moto na boriti zililia, lakini Fundi hakutazama juu.

"Baba alijua?"

"Hapana."

"Mpaka anakufa?"

"Mpaka anakufa."

"Nilikuwa namletea magazeti," mdogo wake akasema taratibu. "Kila mwisho wa mwezi. Ananiambia weka hapo. Hanitazami. Nikawa najiambia, ana haki, ulivunja kitu chake kwa ujinga." Aliondoa kidole. "Vuta."

Fundi aliuchukua upinde mpya, akatoka uani akasimama mahali pale pale. Alivuta mpaka kamba ikagusa shavu. Upinde ulijipinda wote sawasawa, kimya, kama pumzi. Akangoja. Safari hii alitamani kweli uvunjike. Machozi yakamtoka, na upinde ukakataa kuvunjika. Mwishowe akairudisha kamba polepole mpaka upinde ukalala.

"Ni mzima," mdogo wake akasema kutoka mlangoni. "Hongera. Uweke."

"Ni wako."

"Uweke, nimesema. Wangu ni huu." Alikuwa ameshafunga vipande vile viwili kwenye kitambaa, na mkanda wa ngozi ameutia mfukoni mwa shati. "Nampelekea shangazi. Haoni vizuri, lakini vidole vyake vinafanya kazi. Atapapasa mwenyewe."

Mke wa Fundi alikuwa amesimama karibu na jiko, kijiko mkononi, amesikia yote. Hakusema shemeji kaa ule.

Mdogo wake alivuka ua, akafika getini, akasimama akihangaika na komeo, mgongo na ule upande wa kushoto vimeelekea karakana. Fundi aliweka upinde chini. Angeweza kubaki pale pale alipo, asionekane, kama alivyozoea. Shangazi angejua kabla jua halijazama, na kesho ukoo mzima.

Akavaa viatu. Alipita nyuma ya mdogo wake, akazunguka upande wa kulia, akasimama mbele ya lile jicho moja na kufungua komeo. Jicho lilimtazama muda mrefu. Halikumwambia njoo, wala halikumwambia rudi. Mdogo wake akatoka, akashika njia ya kwa shangazi, na Fundi akatembea kulia kwake, hatua kwa hatua, mahali anapoonekana.

Nyuma yao uani, mkewe aliokota pande kubwa lililobaki chini ya gunia la mkaa, akalipiga kwa nyundo. Lililia kaa! Fundi alishtuka kama siku zote, akaendelea kutembea.